Mjadala: Vipimo vya nyuklia Kanda ya Kati, "treni ipo, waende Dar" ni jibu?

Mleta mada:
Wakuu, kila likizuka suala la vipimo vya tiba ya nyuklia kwa wagonjwa wa Dodoma na Singida, tangu treni ya SGR ianze 2024 jibu limekuwa jepesi: treni ipo, waende Dar. Silikubali. Ila hata wanaopigia debe Dodoma inunuliwe kamera ya gama, ile inayopiga picha ya mionzi inayotoka kwenye dawa aliyochomwa mgonjwa, bila kuuliza inakuja na nini, siko nao.

Chukua mzee wa Mpwapwa mwenye saratani ya tezi dume. Daktari anataka kujua kama imefika kwenye mifupa. Atachomwa sindano ya teknisiamu-99m, yaani dawa yenye mionzi, ataambiwa anywe maji mengi, atasubiri saa 2 hadi 4, ndipo alale chini ya kamera. Kipimo ni cha siku moja tu. Lakini bado ana nauli ya watu wawili, ana gesti, na ana mgongo unaouma hata akikaa. Matokeo yake anaahirisha mpaka auze alizeti, na saratani haisubiri msimu.

Kuna wanaodai kamera ikiwekwa Dodoma, mionzi ya dawa itaishia njiani. Hapana. Ni kweli teknisiamu hupungua nusu kila saa 6, lakini haisafirishwi yenyewe. Inayosafirishwa ni molibdenumu-99 ndani ya kifaa chenye ukuta wa risasi, na hiyo huchukua saa 66 kupungua nusu. Maabara inaikamua kwa maji ya chumvi kila asubuhi, teknisiamu inatoka. Kutoka Dar hadi hapa Dodoma ni kama kilomita 450. Gari likitumia hata saa 8, zaidi ya asilimia 90 inafika. Florini-18, dawa ya mionzi ya kipimo kingine cha picha kiitwacho PET, ndiyo balaa: nusu kila dakika 110. Safari ya saa 4 inakuachia chini ya robo. Kwenye PET, wa Dar wamenishinda.

Hoja yangu ni moja. Kamera ina utepe wa kukata na picha za wageni rasmi. Kifaa cha kupima dozi kabla ya sindano kuingia mwilini hakina mpiga picha. Wala kinga ya tungsteni ya bomba la sindano, wala meza yenye kioo cha risasi, wala kipimio cha kukagua mikono na sakafu, wala beji za kupimia mionzi wanayopata watumishi. Bajeti ikibana, hivyo ndivyo vinavyofyekwa kwanza. Viwekwe kwenye mkataba mmoja na kamera, na kamera isipokelewe kabla yake.

Mkazi wa Bahi:
Mleta mada, sisi huku tulishaona watafiti wa urani wakija na kuondoka, hakuna aliyetueleza kitu tukaelewa. Na ya Goiânia kule Brazili mwaka 1987 mnayajua? Waokota chuma chakavu walibeba mashine ya hospitali iliyotelekezwa, watu 4 wakafa na 249 wakakutwa wamechafuka kwa mionzi. Chuma chakavu Dodoma kinanunuliwa kila mtaa.

Mtumishi, chumba cha dawa za mionzi:
Ndugu wa Bahi, ile ilikuwa sizi-137 ya mashine ya kuchoma saratani, huchukua miaka 30 kupungua nusu. Teknisiamu iliyobaki Jumatatu asubuhi, Jumatano asubuhi ni sehemu 1 kati ya 256. Hakuna cha kuokota. Ila hofu yako isipuuzwe: tuna vyanzo vidogo vya kuhakikia vipimio, vingine ni sizi hiyohiyo. Vikikosa rejista na kufuli, hapo umesema kweli. Sheria Na. 7 ya 2003 imeipa Tume ya Nguvu za Atomu kazi ya leseni na ukaguzi. Wananchi waulize leseni iko wapi, wasione aibu.

Niongeze la aproni, maana linaniudhi. Ya risasi ya milimita 0.5 inafaa eksirei. Mbele ya mgonjwa aliyekunywa iodini-131, dawa ya mionzi yenye nguvu zaidi, inakuchosha mabega tu, mionzi inapita. Hapo dawa ni kufanya haraka na kusimama mbali: ukizidisha umbali mara mbili, dozi inashuka mpaka kama robo. Halafu kuna choo cha mgonjwa huyo, maana mkojo wake una mionzi. Tangi la kuhifadhi maji yale mpaka mionzi ishuke lichimbwe kabla jengo halijaezekwa, siyo baadaye.

Fundi wa Nkuhungu:
Mnasahau umeme. Ndani ya kamera nyingi za gama kuna kioo kipana cha iodidi ya sodiamu. Kinachukia unyevu, na joto la chumba likibadilika kwa kasi kinapasuka. Sasa umeme ukatike, chumba kipate joto la Oktoba hii ya kwetu, urudi, mtu afungulie kiyoyozi mpaka mwisho. Kwisha habari yake. Bila jenereta linalobeba viyoyozi usiku na sikukuu, msinunue.

Mama wa Kongwa:
Na hiyo molibdenumu mtaagiza mpaka lini? Inatoka kwenye vinu vya nyuklia vichache duniani, kile cha Pelindaba, Afrika Kusini, kikiwemo. Mwaka 2009 na 2010 vinu vya Kanada na Uholanzi viliposimama, hospitali za matajiri zilihangaika. Sisi tutakuwa nafasi ya ngapi kwenye foleni? Kwa hela hiyo zahanati zetu zingepata ultrasaundi.

Mleta mada:
Mama, ultrasaundi haioni saratani iliyosambaa kwenye mifupa, hivyo hapo sirudi nyuma. La foleni sina jibu zuri, zaidi ya kwamba Dar nao wako kwenye foleni hiyohiyo. Fundi, jenereta nimeliongeza kwenye orodha, na tangi pia. Mwenye ndugu kwenye kamati ya bajeti ampelekee orodha hii kabla zabuni haijatangazwa. Na asikubali mstari ulioandikwa "vifaa vingine".