MREJESHO: Lenzi za macho kwa mwenye astigimatizimu

Wakuu salama? Niliuliza humu kama mwenye astigimatizimu (sehemu ya mbele ya jicho haijapinda sawasawa pande zote) anaweza kuvaa lenzi badala ya miwani, maana zile za kawaida zilikuwa zinaniachia ukungu. Asanteni sana mliojibu, hasa mdau aliyesema niulizie lenzi za toriki (zile za wenye astigimatizimu) na nipimwe upya, nisipeleke namba za miwani tu.

Nimefanya hivyo. Mpimaji aliniwekea za majaribio, akasubiri zitulie ndo akaangalia kwa mashine kama kale kaalama kadogo kwenye lenzi kamekaa chini panapotakiwa, kumbe hizi zangu zimetengenezwa upande wa chini mnene kidogo ili zisizunguke, zikizunguka tu herufi zinaota vivuli.

Jicho la kushoto safi kabisa, kibao cha daladala nakisoma kutoka mbali. La kulia bado linasumbua, silinda yangu (namba ya astigimatizimu) ni -2.50 na lenzi za aina hii niliyopewa zinaishia -2.25, halafu jioni jicho likikauka lenzi inahama, taa za magari zinakuwa na mikia. Kupepesa kunasaidia, na matone ya kulainisha pia (yale ya wavaa lenzi, sio dawa yoyote ya macho). Nikiendesha usiku narudi kwenye miwani.

Aliyesema nisuuze lenzi na maji ya chupa, hapana mkuu, maji ya aina yoyote marufuku, ni dawa ya kusafishia lenzi tu.

Lenzi ngumu mlizonishauri sijajaribu, bei imenishinda kwa sasa.