Mtoto akipiga mtu risasi, mzazi anafungwa?

Kutoka Grand Rapids:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko. Mume wangu hufanya kazi usiku, na jirani anamshawishi anunue bastola ya kulinda nyumba. Tuna kijana wa miaka 14. Kazini nasikia kuna wazazi hapa Michigan walifungwa kwa kosa la mtoto wao. Ni kweli au ni maneno ya watu?

Kutoka Lansing:
Marahaba dada. Ni kweli. James na Jennifer Crumbley, wa Oxford, kaskazini ya Detroit. Tarehe 30 Novemba 2021 mwana wao wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake wanne shuleni, kwa bastola ambayo baba aliinunua siku nne kabla. Mwaka 2024 kila mmoja alikutwa na hatia katika kesi yake ya kuua bila kukusudia, wakafungwa miaka 10 hadi 15 kila mmoja. Na hakuna kati yao aliyefyatua hata risasi moja.

Kilichowaponza zaidi ni asubuhi ile ile. Mwalimu aliona karatasi ya hesabu imechorwa bastola na mtu anayevuja damu, na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa. Wakashauriwa wamtafutie mtoto mtaalamu, wakamwacha pale wakaondoka. Hawakutaja kwamba nyumbani kuna bastola mpya, na begi la mtoto halikupekuliwa. Nao uongozi wa shule sijui walikuwa wanawaza nini.

Sasa tujiulize sisi. Ukiitwa shuleni, nani anakutafsiria? Wengi wetu tunakwenda na mtoto huyo huyo. Mwalimu anaongea dakika tano, mtoto anasema, "Mama, anasema niongeze bidii." Na ile programu ya simu ambayo shule hutumia kutuma ujumbe, nani aliifungua, nenosiri analo nani? Shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bure. Mwombe tangu unapopigiwa simu, na mtoto asifanywe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Kuhusu silaha: tangu Februari 2024, hapa Michigan, ikiwa mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuwepo nyumbani, bunduki itolewe risasi na ipigwe kufuli, au iwe ndani ya sanduku lililofungwa. Mtoto akiichukua akaua mtu, aliyeiacha ovyo anaweza kupata hadi miaka 15. Juu ya kabati, chini ya godoro, katikati ya kanga: huko si kuifungia. Na namba ya sefu isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumba hiyo.

Kutoka Columbus:
Naongeza upande wa makaratasi. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya taifa kushika silaha kabisa. Mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa, ila akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, au la kumtelekeza mtoto, anaweza kurudishwa kwao hata kama kifungo ni kifupi. Kwa hiyo ukishtakiwa usikubali kosa haraka haraka ili yaishe. Tangu 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani inamtaka wakili wako akueleze kwanza kama kukiri kunaweza kukufukuzisha nchini. Asipogusia, muulize wewe.

Kutoka Grand Rapids:
Asanteni sana. Nimemsomea mume wangu, sasa anazungumzia kamera ya mlangoni. Lakini shemeji yangu amefikia kwetu, analala sebuleni, na kumbe ana bastola yake kwenye begi. Hiyo inatuhusu?

Kutoka Lansing:
Inamhusu yeye kwanza, maana sheria inamgusa pia anayeacha silaha kwenye nyumba isiyo yake akijua kuna mtoto. Na ninyi mmeshajua, hamwezi tena kusema hamkujua. Vituo vingi vya polisi hugawa bure kufuli za kebo za kufungia bunduki. Aende leo, asisubiri wikendi.