Pikapu ya dizeli kwa njia ya Muheza–Amani: ekseli nzima mbele au mikono?

Mwambao_TA
Habari wakuu. Natafuta pikapu ya dizeli ya fowili (inayovuta kwa magurudumu yote manne), ishushe kama tani moja ya iliki na karafuu kutoka Amani hadi Muheza mara nne kwa wiki, na Jumamosi iende Pangani kuchukua samaki. Nimebaki na mbili: Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, ambayo mbele ina ekseli nzima, na Hilux ya umbo lililotoka 2005, ambayo kila gurudumu la mbele linashikwa na mikono yake peke yake. Injini nazielewa. Swali ni mguu wa mbele tu: upi utadumu, na nikikagua iliyotumika niangalie nini?

Fundi_Chumbageni
Mkuu, kwa mlima ule chukua 79. Mbele ina ekseli nzima, na tangu 1999 inakalia springi za koili badala ya bapa za Land Cruiser 75 iliyotangulia. Ukipakia, difu (gia za katikati ya ekseli) haishuki kuelekea mawe; urefu wake kutoka chini unaamuliwa na tairi. Hilux ikilala kwa mzigo, tumbo la mbele linashuka nalo.

Ugonjwa wa 79 uko kwenye nako, ile tufe ya chuma nyuma ya gurudumu. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu inaingia na kuyeyusha grisi mpaka inakuwa uji mweusi unaochuruzika hadi kwenye tairi. Ukiona hivyo usikubali kuongezewa grisi tu. Fungua, badilisha sili zote na beringi za kingpini (pini ambazo nako huzungukia unapokata kona), mbili kila upande, kisha jaza grisi ya molibdeni kama robo tatu ya tufe. Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) zirudi zilikotoka, za juu juu, za chini chini.

Kukagua: inua gurudumu kwa jeki, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu (kitovu cha gurudumu). Ukibaki, ni kingpini. Beringi za habu zinakazwa kwa spana ya 54: kaza hadi karibu Nm 60 huku unazungusha habu, legeza, kaza tena kidogo sana, ndipo ufunge nati ya pili. Wanaokaza kwa nyundo na patasi ndio wanaoziua.

Mkonge_Pongwe
Naheshimu hayo, ila Hilux isionewe. Kwa lami ya Horohoro inatulia kuliko 79, na usukani hautetemeki. 79 ikishachoka bushi za panhadi rodi (fimbo inayozuia ekseli kwenda kando) au kingpini, ukigonga shimo kwenye mwendo wa 70 usukani unatikisika mpaka upunguze mwendo. Watu hufunga dampa mpya ya usukani (shokamzoba yake). Inaficha wiki chache tu, bushi ziko vilevile.

Na Marekani watengeneza pikapu hawajakubaliana hadi leo: F-250 ya fowili na Ram 2500 zina ekseli nzima, Silverado HD ina mikono, na zote zinavuta mizigo mizito.

Kwenye Hilux kagua mpira wa CV jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu). Ukipasuka, mchanga unaingia, na ukikata kona kali unasikia ta-ta-ta. Mpira ni bei ndogo, jointi si ndogo. Tikisa pia gurudumu kulia na kushoto: likicheza, ni tairodi endi au raki, yaani viungo vya usukani.

Mwambao_TA
Asanteni sana. Na maji ya chumvi ya Pangani?

Fundi_Chumbageni
Hapo ndipo pa kuogopa, kwa zote mbili. Bolti za kurekebishia mkono wa chini wa Hilux hushikana na bushi kwa kutu. Zikishashika, alaimenti haiwezekani tena, tairi inaliwa upande mmoja, na dawa ni kuzikata kwa grainda pamoja na bushi. Kabla ya kununua, mwambie fundi azilegeze mbele yako. Zikizunguka, zipakwe grisi na zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

79 haina bolti hizo, lakini ina kipumulio cha difu (tundu la kupitishia hewa). Kikiziba, ekseli ya moto ikiingia majini hewa ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Fungua nati ya oili: oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Safisha kipumulio, vuta mpira wake hadi juu ndani ya boneti. Kagua pia nati za mkono wa usukani kwenye nako, kwa sababu hulegea na studi zake hukatika.

Mkonge_Pongwe
Na ukirudi kutoka ufukweni, maji baridi yasiyo na chumvi chini ya gari siku hiyohiyo. Usingoje Jumatatu.