Dondoo la mwarobaini limezima PKA ya panya. Niamini?

Mwana_Upanga
Habari zenu wakuu. Utafiti wangu wa uzamili ni kupima kama dondoo la majani ya mwarobaini linazuia kinasi ya PKA, yaani kimeng'enya kinachochukua fosfeti ya ATP na kuibandika kwenye protini nyingine. Ninayo sehemu yake tendaji, ile ya alfa, ya panya, iliyozalishwa ndani ya bakteria wa E. koli. Fosforasi ya mionzi hatuna, kwa hiyo natumia njia ya NADH: ADP inayobaki ATP ikishatoa fosfeti inapitia vimeng'enya viwili, pairuveti kinasi na laktati dehidrojenasi, ambavyo vinatumia NADH, nami nasoma NADH ikishuka kwa mashine kwenye mwanga wa nanomita 340. Nikitia dondoo, kasi inakata kabisa. Naweza kuandika kwamba PKA imezuiwa? Na kwa kuwa ni ya panya, naruhusiwa kuizungumzia ya binadamu?

Bi_Zawadi
Usiandike bado, mdogo wangu. Humo una vimeng'enya vitatu, na dondoo limekutana na vyote. Acha PKA nje, weka vingine vyote pamoja na dondoo, kisha tia ADP kwa mkono wako. NADH isiposhuka, aliyezimwa ni pairuveti kinasi au mwenzake, na PKA haina kesi. Angalia pia dondoo lenyewe: mengi ya majani yanafyonza mwanga hapo hapo 340.

Linalonisumbua zaidi ni tanini, zile kemikali kakasi za mimea. Zinang'ang'ania protini yoyote, na ndipo mimea mingi inapopewa sifa isiyo yake. Rudia ukiwa na sabuni ya Triton X-100 asilimia 0.01. Uzuiaji ukiyeyuka, zilikuwa chembe zilizogandamana tu. Na lazima uwe na kizuizi cha kulinganishia: tumia peptidi ya PKI, inayoilenga PKA, maana H-89, kizuizi kingine cha PKA, inagusa hadi kinasi nyingine iitwayo ROCK.

Kuhusu panya, ondoa shaka. Umbo la kwanza kabisa la kinasi ya protini kuonekana kwa fuwele, mwaka 1991, lilikuwa la PKA hii hii ya panya iliyotoka kwenye E. koli, kazi ya maabara ya Susan Taylor kule San Diego. Inajiwasha yenyewe ndani ya bakteria kwa kujibandika fosfeti kwenye threonini 197, yaani asidi amino ya 197 ya mnyororo wake. Inakosa tu mafuta ya miristiki mwanzoni mwa mnyororo. Ya binadamu inafanana nayo karibu kabisa. Ila kwenye tasnifu andika wazi "ya panya".

Fundi_Barafu
Naongezea: igawe kwenye vitubu vidogo siku ile ile inapofika. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaiua. Usisahau DTT, kemikali inayozuia protini isioksidike, kwa sababu sisteini 199 imekaa jirani na ile threonini, na ikioksidika nguvu inashuka.

Mwana_Upanga
Asante sana dada, na wewe Fundi. Nimetia ADP bila PKA: pasipo dondoo NADH inaporomoka, penye dondoo haitikisiki.

Bi_Zawadi
Basi dondoo linazima vimeng'enya vya kipimo chenyewe, na huwezi kusema lolote kuhusu PKA. Tanini ziondoe kwanza. Pitisha dondoo kwenye poda ya PVPP, inayonasa tanini, chuja, halafu anza upya na hicho kipimo cha ADP kabla hujaigusa PKA.