Naomba ushauri: kupiga picha watu nisiowajua Mji wa Kale

Assalaam aleikum wanachama. Nimekwama, naomba mawazo yenu.

Napiga picha za watu wakiwa kazini hapa Mombasa, hasa Mji wa Kale na Marikiti: wauza kahawa, hamali wa mikokoteni, akina mama wa mahamri. Tatizo ni kuaminiwa. Mtu akiona kamera anageuza uso, au anauliza, "Hiyo picha waipeleka wapi?" Ni swali la haki kabisa, maana wengi washapigwa picha na wapita njia na hawakuziona tena.

Siku hizi naanza bila kamera. Nanunua kahawa, naketi barazani, twazungumza, ndipo naomba. Mzee mmoja karibu na Fort Jesus alikubali, lakini papo hapo akaweka dele, birika lake la kahawa, chini, akafunga vifungo vya shati, akasimama wima kama wa picha ya kitambulisho. Mimi nilitaka ile mikono yake ikigonganisha vikombe. Hata hivyo nilimsafishia picha nikampelekea, akafurahi mno, na majirani zake sasa wananiitikia salamu.

Watoto siwapigi bila idhini ya mzazi, hilo halina mjadala kwangu.

Wazoefu, nisaidieni: mtu akisharuhusu, mnafanyaje arudi kwenye kazi yake na kuizoea kamera? Na anayetaka pesa kwanza, mwampa, au mwaelewana vipi bila kumvunjia heshima? Shukrani.