Kijiwe kwenye tezi ya mate: kusubiri kitoke, kamera, au kutoa tezi nzima?

Mtafunaji (mwanzisha mada)
Wakuu, habari zenu. Wiki ya tatu sasa kila nikikaa kula, tonge la pili halijashuka, chini ya taya upande wa kulia panavimba kama nimeficha kokwa. Panakaza, panauma hadi sikioni, halafu baada ya saa moja hivi panashuka penyewe. Nilidhani ni jino. Daktari wa meno akapapasa nje nje, akasema huenda ni kijiwe cha mate, nikafikirie mambo matatu: kunywa maji na kukanda nikisubiri kitoke, kuingiziwa kamera, au tezi kutolewa yote. Jamaa yangu mmoja anasema "toa tu umalize". Mliopitia haya, mlichagua nini?

BintiSaada
Pole sana mkuu. Kuvimba wakati wa kula na kushuka baadaye ndiyo alama yake. Chakula kinayaita mate, mate yanakuta njia imezibwa, yanarudi kujaa kwenye tezi. Changu kilikuwa kidogo, nikakaa nacho siku kama kumi: maji mengi, kitambaa cha moto chini ya taya, nanyonya ndimu kisha nakanda kutoka nyuma kuja mbele. Asubuhi moja nikahisi kitu kinakwaruza chini ya ulimi, nikatema kwenye sinki: kipunje cha manjano, kigumu, kama mchele uliovunjika. Uvimbe haujarudi mpaka leo. Usikimbilie kisu.

Mzee_Kobe
Dada, ulibahatika. Mimi hiyo ndimu ilinitesa. Mfereji umeziba kabisa, mate yapite wapi? Kila nikinyonya nazidi kujaa. Nikang'ang'ana na kukanda wiki nzima, nikaamka na homa, ngozi nyekundu, usaha unachuruzika chini ya ulimi. Hapo ikawa antibayotiki kwanza, na kijiwe kikasubiri mpaka maambukizi yatulie. Ndimu ni ya mfereji ambao bado unapitisha kitu.

TabibuKinywa
Niko upande wa upasuaji wa kinywa. Naona mnabishania tiba kabla ya kujua kijiwe kiko wapi na kina ukubwa gani, na hayo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu.

Vijiwe vingi, kama 8 kati ya 10, huota kwenye tezi ya chini ya taya. Mfereji wake ni mrefu, kama sentimita 5, na unapanda mlima kutoka kwenye tezi hadi chini ya ulimi. Mate yake ni mazito na yana kalisi nyingi, kwa hiyo madini yanapata nafasi ya kutuama na kugandamana. Tezi ya mbele ya sikio ina mate mepesi, haisumbui sana.

Mtafunaji, kuna njia hukutajiwa, nayo ndiyo ningeiuliza kwanza. Kijiwe kikiwa mbele, unakigusa kwa kidole chini ya ulimi, unapigwa sindano ya ganzi hapo hapo, mfereji unachanwa juu yake, kinatolewa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shingoni huguswi.

Kamera ni mrija mwembamba, milimita moja na ushei, unaopitishwa kwenye tundu la mate lenyewe. Ndani yake hupita kikapu kidogo cha waya cha kunasia kijiwe. Inafaa kijiwe kinachochezacheza, kisichozidi milimita 4 hivi kwa tezi ya taya, au 3 kwa ile ya sikio. Kikubwa zaidi huvunjwa kwanza, kwa leza kwa mfano, au kamera inaonyesha kilipo huku daktari anachana. Kutoa tezi ni kwa kijiwe kilichojichimbia ndani kabisa kisichofikika, au tezi iliyokwisha kuharibiwa na maambukizi ya kila mara.

Anza na ultrasaundi. Isipoonyesha kitu na dalili bado zipo, CT skani. Eksirei ya kawaida huvikosa baadhi ya vijiwe.

NusuTaya
Mimi ni wa kutolewa. Kijiwe kilikuwa ndani ya tezi, mwaka wa tatu nameza antibayotiki kama karanga. Nusu kaputi, kovu chini ya taya. Pembe ya mdomo ililegea wiki sita, nikinywa maji yanamwagikia shati, maana neva inayoshusha mdomo wa chini inapita jirani kabisa. Ikarudi. Kinywa hakikukauka kama nilivyoogopa, tezi zilizobaki zinabeba kazi. Sijutii, ila kama kijiwe kingekuwa mbele nisingekubali.

BintiSaada
Daktari, na hiyo ya kuchana ndani ya mdomo haina madhara?

TabibuKinywa
Ipo mitego. Neva ya ulimi inapishana na mfereji kule nyuma, kwa hiyo kijiwe kikiwa nyuma zaidi, hatari ya ulimi kufa ganzi upande mmoja huongezeka, ingawa mara nyingi hupita. Mfereji unaweza kubanwa na kovu. Na tezi iliyobaki inaweza kuota kijiwe kingine.

Mambo mawili msiyakande nyumbani. Uvimbe usiojali chakula, hauumi, unakua polepole: huo uchunguzwe, huenda si kijiwe. Na sakafu ya mdomo ikivimba hadi ulimi ukainuka, kumeza au kupumua kukawa shida, nenda hospitali usiku huo huo.

Kipanga77
Mimi niliambiwa niache maziwa kwa sababu ya kalisi.

TabibuKinywa
Kunywa maziwa yako. Kalisi ya damu kwa wagonjwa hawa kwa kawaida iko sawa, tatizo ni mate kutuama. Afadhali umwonyeshe daktari dawa unazomeza, hasa za mzio, maana baadhi hukausha kinywa.

Mtafunaji
Nimerudi wakuu. Ultrasaundi imesema milimita 6, karibu kabisa na tundu. Nimeosha mikono, nimeingiza kidole chini ya ulimi mbele ya kioo, na kweli kipo, kinateleza kidogo nikikisukuma. Nilibakiza kidogo kukubali kutolewa tezi nzima kwa kitu ninachokishika kwa kidole! Alhamisi nachanwa kwa ganzi.

Mzee_Kobe
Kila la heri. Na mpaka hiyo Alhamisi, achana na ndimu.

BintiSaada
Mwombe akupe kijiwe chenyewe. Changu kilikwenda na maji ya sinki, mpaka leo nakisikitikia.