Mada: Kiangazi hiki twende ziwani. Nani anajua mitumbwi, na dubu je?

Kutoka: Mama Mapacha, Calgary

Shikamooni wakubwa, hamjambo wenzangu.

Huu ni mwaka wetu wa pili hapa Kanada na kiangazi cha kwanza tukiwa na gari. Mapacha wana miaka 7, na mama mkwe amekuja kutoka milimani Lushoto kututembelea kwa miezi 3. Kila wikendi tunazunguka maduka yale yale, milima tunaiona dirishani kama picha ya kalenda. Safari hii nimesema lazima tupande mtumbwi na tutembee porini kama wenzetu. Nikafungua simu niangalie bei ya mtumbwi pale Lake Louise, lile ziwa maarufu la Banff: zaidi ya dola 100 kwa saa moja! Nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo.

Naombeni msaada. Twende wapi ambako hatutafilisika? Tuvae nini? Leseni inatakiwa? Na dubu, jamani? Baba Mapacha anasema hashuki kwenye gari mpaka hilo la dubu lipate majibu.

Kutoka: Dereva wa Airdrie

Baba Mapacha nampa pole. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikula nyama choma ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Nianze na pesa. Kananaskis, ile milima ya magharibi ya Calgary, gari linalipiwa dola 15 kwa siku au 90 kwa mwaka, utaratibu ulioanza 2021. Unalipa mtandaoni kwa namba ya gari. Hakuna geti wala stika, ndiyo maana watu wanadhani ni bure mpaka siku faini iwafikie. Banff ni hifadhi ya taifa na ina kibali chake, cha Kananaskis hakikusaidii kitu kule. Ila watoto hadi miaka 17 hawalipi kiingilio hifadhi za taifa, na wenye ukaazi wa kudumu ambao hawajapitisha miaka 5 waangalie kwanza programu ya simu inayoitwa Canoo kabla hawajatoa pochi.

Moraine Lake, ziwa jingine la Banff, msiende na gari lenu. Tangu 2023 barabara ile imefungwa kwa magari binafsi. Mimi nilijifanya mjanja, nikaondoka nyumbani saa tisa usiku, watoto wamelala kwenye viti, tukafika tukageuzwa. Zaidi ya km 180 za kurudi, hakuna aliyenisemesha. Kuna basi la hifadhi, tiketi unakata mapema. Fungu kubwa la tiketi hutolewa siku 2 kabla, saa mbili kamili asubuhi, na uwe umeshakaa mkao wa kula.

Kutoka: Mtoto wa Pangani

Mama Mapacha, bei za Lake Louise waachie watu wa fungate. Chuo Kikuu cha Calgary kina kituo cha michezo ya nje kinachokodisha mitumbwi, kayaki na majaketi okozi kwa mtu yeyote, si wanafunzi peke yao. Unachukua kwa siku nzima, unafunga juu ya gari, mnachangia familia mbili tatu.

Leseni haitakiwi kwa chombo kisicho na injini. Sheria ya Kanada inachotaka ni jaketi okozi kwa kila mtu, tena la saizi yake (mtoto ukimvalisha la baba yake, akitumbukia litampanda masikioni na yeye achomoke chini), filimbi, kamba inayoelea isiyopungua mita 15, na upo wa kufutia maji yanayoingia chomboni. Ndiyo, upo, ule ule wa kwetu. Wangu nimeukata kwenye dumu la maziwa la lita 4. Na tafadhalini, kile mnachoshika mkononi ni kafi. Kasia ni lile linalofungwa ubavuni mwa chombo. Bibi yangu angefufuka akinisikia nimenyamazia hilo.

Sasa lililonifanya niandike. Mimi nimekulia mtoni, nilivuka Pangani kwa mtumbwi kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kiangazi changu cha kwanza hapa, mwishoni mwa Juni, nilikwenda Barrier Lake kule Kananaskis na rafiki. Nyuzi 27, jua la kuchoma, maji rangi ya feruzi, mazuri mpaka unataka kuyanywa. Jaketi nililikalia, nikalifanya mto. Kwenye saa nane mchana upepo ukashuka ghafla kutoka bondeni, mbisho mtupu, upepo wa usoni, nami badala ya kuuelekezea omo, yaani pua ya mtumbwi, nikaugeuzia ubavu. Mwenzangu naye akasimama aiwahi simu yake iliyokuwa inateleza. Tukapinduka.

Kwetu mtu akianguka majini anacheka kisha anaogelea. Pale kifua kilijifunga. Pumzi ilivutika yenyewe bila kuniuliza, kichwa kikiwa bado chini, nikameza maji. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Jaketi likawa linaelea mbele yangu, nikalipata, nikapenyeza mkono mmoja. Kisha kile kifungo cha plastiki, kile kinacholia *tak*, ambacho mtoto wa chekechea anakifunga huku anakuangalia usoni. Vidole vikagoma. Naviona, naviamuru, havisikii, kama vya mtu mwingine. Nikalikumbatia jaketi lile mpaka watu wa kayaki wakatuvuta pwani, nikakaa juani kwenye mawe ya moto nikitetemeka meno yakigongana.

Baadaye ndipo nikajua kwamba yaliyonipata yana hesabu yake. Yuko mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Gordon Giesbrecht, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi. Anafundisha 1-10-1: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kukutii, saa 1 kabla fahamu hazijapotea. Kwa hiyo anayezama hapa mara nyingi wala hajaganda, amemeza maji dakika za mwanzo, na kujua kuogelea hakumpi kitu. Maji ya maziwa haya juzi tu yalikuwa theluji na barafuto, ile mito ya barafu ya huko juu milimani. Jua la Julai linachoma migongo yenu, maji hayana habari.

Basi jaketi livaliwe tangu mguu uko nchi kavu, lifungwe. Ingieni majini saa tatu asubuhi, saa sita au saa saba muwe mmetoka, kabla ya upepo wa mchana. Fuateni ufuko, mtu akipinduka asimame. Ukiwa Banff, Two Jack Lake ni pazuri kwa watoto. Minnewanka jirani yake muiache kwanza: urefu km 21, kina mpaka mita 142, na upepo wake nikiuona tu nageuza gari.

Akina mama, dira na buibui vinabeba maji mengi. Suruali ya michezo na blauzi ndefu ya kukauka haraka, mtandio uwe wa kubana. Jinzi hapana kwa yeyote. Nguo kavu za kubadili ziwe kwenye mfuko usioingiza maji, na mfuko ufungwe kwenye mtumbwi.

Nilisahau: chombo kisafishwe, kimwagwe maji na kikaushwe kabla ya kuhamia ziwa jingine. Mwaka 2016 ugonjwa mmoja wa samaki ulionekana kwa mara ya kwanza Kanada pale Johnson Lake, Banff, na tangu hapo watu wa hifadhi hawana mchezo. Banff mnajaza fomu ya kibali cha chombo. Na mkikuta kituo cha ukaguzi wa vyombo barabarani, hata kama juu ya gari ni mtumbwi tu, simameni. Faini yake inatosha tiketi ya kwenda Dar.

Kutoka: Mutoto ya Kivu, Edmonton

Jambo kwenu wote. Miye natoka Bukavu, kuogelea tunajua tangu utoto. Ndugu wa Pangani anasema kweli, maji ya huku haiko maji, iko frigo. Lakini musiogopeshe watu sana! Siye kila mwaka tunashuka mto North Saskatchewan na mitumbwi, tunaanzia Devon mpaka Edmonton, tunaimba tu, mto unatubeba wenyewe. Jaketi, kila mutu. Pasipo jaketi haupandi, hata ukiwa pasta.

Kutoka: Shangazi wa Canmore

Baba Mapacha, shuka kwenye gari, mwanangu.

Nina miaka 11 hapa Canmore nikitandika vitanda vya hoteli, na siku za mapumziko natembea. Dubu nimewaona, wote wakiwa wanaondoka. Dubu hana haja na wewe, ubaya ni kumshtukiza kwenye kona. Kwa hiyo ongeeni, imbeni. Sisi kwa hilo tumejaliwa, familia moja ya Waswahili inatosha kuhamisha dubu wa bonde zima. Ukimwona, kaa mbali mita 100 kwenda juu, usikimbie, rudi nyuma polepole ukimsemesha kwa sauti ya kawaida, watoto washikwe mkono.

Dawa ya dubu nunueni, ivaliwe kiunoni. Nawaona watu wameitia kwenye begi chini ya chapati, sijui dubu watamwambia asubiri. Ni pilipili ya kumpulizia yeye akikujia karibu, si ya kujipaka! Nasema hivi kwa sababu kuna kijana wa kwetu alijipulizia mikononi kama dawa ya mbu, kisha akajifuta jasho usoni. Tulimmwagia maji mpaka chupa zote zikaisha. Na usiiache kwenye gari juani, inaweza kupasuka.

Chakula kisiachwe mezani hata dakika tano mkienda kupiga picha. Sufuria la pilau, maganda ya mayai, juisi, vyote virudi garini. Na ile njia ya kando ya Lake Minnewanka, kuanzia 10 Julai mpaka 15 Septemba sheria inataka msiwe chini ya watu 4, kwa ajili ya dubu. Wewe na mumeo peke yenu mtarudishwa.

Kwa bibi na watoto anzeni na Tunnel Mountain pale Banff mjini. Mwinuko wake ni mita 260 hivi, njia pana, juu mnaona mji wote na mto Bow. Msitafute hiyo tunnel yenyewe, shimo la kupita treni, lilipangwa 1882 halikuchimbwa, jina likabaki. Johnston Canyon ni rahisi pia ila watu ni kama Kariakoo mkesha wa Idi.

Mkishazoea njooni Ha Ling huku kwangu, mita 2,407. Mlima huu naupenda kwa sababu ya jina. Ha Ling alikuwa mpishi Mchina hapa Canmore. Mwaka 1896 watu wakawekeana naye dau la dola 50 kwamba hawezi kupanda na kushuka chini ya saa 10. Akatoka asubuhi, mchana wa chakula amesharudi, bendera ameisimika. Wakamwambia muongo, bendera haionekani. Akapanda tena nao, akasimika kubwa zaidi. Halafu kwa miaka mingi mlima wakauita kwa neno la kumdhalilisha, jina lake lenyewe likarudishwa rasmi 1997. Kila nikifika juu nampa salamu, mfanyakazi wa jikoni mwenzetu.

Mvua ya radi huja alasiri, mkisikia ngurumo mko juu mshuke. Simu njia nyingi hazishiki, mwachieni mtu nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Wanaoswali wajue Magharibi mwezi Juni inaingia karibu saa nne usiku, mchana ni mrefu, msikimbizane.

Kutoka: Mama Mapacha, Calgary

Jamani asanteni, tumerudi salama, na nimeungua pua.

Jumamosi tulikuwa familia tatu Barrier Lake, mitumbwi miwili, saa tatu na nusu tuko majini. Nusu saa ya kwanza tulizunguka kama kuku aliyefungwa mguu, mimi napiga kafi kulia, Baba Mapacha naye kulia, kila mtu anamlaumu mwenzake. Kisha akahamia kushoto, mtumbwi ukanyooka wenyewe. Nilisikia maji yanapita chini ya mtumbwi, *sii*, nikanyamaza kabisa, mimi ambaye mnanijua. Mapacha walishindana nani ataweka mkono majini mpaka ahesabu kumi. Mmoja alifika sita, mwingine nne akaanza kulia. Nikamkumbuka Mtoto wa Pangani, nikakagua vifungo vyao tena.

Mama mkwe alikataa mtumbwi katakata, akakaa ufukoni na chai yake. Ila Jumapili Tunnel Mountain alitufedhehesha. Sisi na buti mpya na fimbo za dola 60, yeye khanga kiunoni na raba za mjukuu wake mkubwa. Kila tukisimama kupumua yeye kakaa kwenye jiwe kona ya mbele, anatusubiri. Tulipofika juu akatazama huku na huku, akamwuliza mwanawe, "Ndo huu? Mlima wenyewe uko wapi?" Kesho anataka Ha Ling. Shangazi, tutakupigia.

Dubu hatukumwona. Baba Mapacha aliimba njia nzima, hata watu wengine walikuwa wanaondoka.

Halafu, upo wa dumu la maziwa aliotuazima Mtoto wa Pangani umebaki kwenye gari la mtu. Una mkono uliozungushiwa utepe mwekundu wa gundi. Aliye nao aniambie kabla ya Ijumaa, mwenyewe ameshauliza mara mbili.